Sestertio kwa bajeti ya kuungaunga: uanze na ipi, uachane na ipi

Wengi tunaoanza kukusanya sarafu za Kirumi tunaanza na vile vidogo vya karne ya nne, euro tano, euro kumi, halafu siku moja unashikishwa sestertio mkononi na basi, imeisha hiyo. Ni bonge la sarafu, milimita 30 na zaidi, zile nzuri za karne ya kwanza na ya pili zinagonga gramu 25 hadi 28, sura ya Kaisari imejaa sahani nzima na ukiidondosha mezani inalia kama kitasa cha mlango. Na kweli ndo madini yenyewe hayo maana sisi tunaiita shaba tu ila ni shaba iliyochanganywa na zinki, ilivyotoka kiwandani ilikuwa njano inang'aa karibu na dhahabu, hiyo kijani na kahawia unayoiona leo ni miaka 1,800 ya kukaa ardhini.

Sasa shida ni kwamba kila mtu anaitaka, na ukiingia sokoni bila mpango utatoka na kipande kilichosagika eti kwa sababu muuzaji kasema ni Kaisari Nero. Mi yalinikuta. Nilitoa euro 180 kwa Nero moja kali sana, nywele zimejipanga mstari kwa mstari, nikajiona mjanja, nikaja kumwonesha mzee mmoja anaejua haya mambo akaangalia sekunde kumi akaniuliza, "Kijana, mbona pua imelika na nywele ni mpya?" Zilichongwa upya na kisu bana. Mtu kakaa na lenzi yake kachimba nywele ambazo zilishafutika zamani. Nikirudi kwa muuzaji, ananiambia hajui chochote.

Kwahiyo msimamo wangu, na hapa wengine watabisha: kama una euro 100 mpaka 150 kwa sarafu moja, usinunue jina, nunua sura. Kaisari wa kawaida mwenye sura nzuri na rangi yake ya asili atakufurahisha miaka kumi, Kaisari maarufu asiye na macho wala pua utachoka nae mwezi mmoja. Bei ninazotaja ni zile ninazoziona na kuzilipa mimi huku Ujerumani, kwako zinaweza zikacheza kidogo.

Namba moja kwangu, tena bila kufikiria mara mbili, ni Severus Alexander (222–235) pamoja na mama yake Julia Mamaea. Alitawala miaka 13, walitengeneza nyingi mno, na mafundi wa Roma kipindi hicho walikuwa bado wanajitahidi, sarafu ni za duara vizuri na maandishi yanasomeka. Kwa euro 80 mpaka 130 unapata kitu ambacho kwa Kaisari Hadrian ungelipa mara tatu. Halafu kuna raha moja, alipewa ukaisari akiwa mtoto tu wa miaka 13 au 14 hivi, kwahiyo sarafu za mwanzo ana uso laini wa kitoto na za mwisho ameshaota ndevu, ukinunua mbili umemwona anakua. Mimi nakaa saa moja kwa treni kutoka Mainz, na ni huko huko karibu na Mainz ndo wanajeshi wake mwenyewe walimuua yeye na mama yake mwaka 235, sasa ukiwa na sarafu mfukoni ukatembea ule mji inakuwa kitu kingine kabisa. Ya Mamaea iliyoandikwa FELICITAS PVBLICA nyuma ipo kila mahali, usikubali kuuziwa kama adimu.

Namba mbili ni Faustina mkubwa, mke wa Kaisari Antoninus Pius. Huyu mama alifariki mwaka 140, mumewe akabaki madarakani mpaka 161 na muda wote huo akawa anamtolea sarafu za kumbukumbu, DIVA FAVSTINA, ndo maana ziko tele. Zina uzito wa kweli wa karne ya pili, sio kama hizo za baadaye zilizopunguzwa, na ule msuko wake, nywele zimesukwa zikazungushwa utosini kama kata ya kubebea ndoo, msusi yeyote wa Kariakoo angeuelewa. Zenye sura safi ni euro 90 mpaka 150, zilizochoka kidogo lakini zenye heshima hata 50 unapata. Binti yake Faustina mdogo na mjukuu wake Lucilla wanaenda bei hizo hizo. Wanaume wengi wanaokusanya wanawaruka wanawake wanataka makaisari tu, wacha waruke, sisi tunanufaika.

Tatu, Gordian III (238–244) na Philip Mwarabu (244–249). Bei ni kama ya Alexander au chini yake, euro 70 na kuendelea, na sura zao mara nyingi zimebaki kali kwa sababu hazikuzunguka mikononi muda mrefu. Ila ujue unachonunua: hapa sarafu zimeanza kuwa nyembamba, nyingi ni gramu 17 mpaka 20, kingo zimekatwa hovyo nyingine karibu mraba, mara herufi mbili tatu zimeangukia nje. Mtu anaependa duara zitamkera. Kwa Philip kuna zile za mwaka 248, sherehe za Roma kutimiza miaka elfu moja, walileta wanyama uwanjani wakawachora kwenye sarafu, simba, swala, kiboko. Hizo za wanyama zina bei yake, usitegemee kuipata kwa sabini.

Antoninus Pius mwenyewe na Marcus Aurelius nawaweka wa nne, na najua kuna watu wangewaweka wa kwanza. Ni nzito, ni nene, ni Roma yenyewe. Lakini zilitumika miaka na miaka kwahiyo nyingi ya zilizo ndani ya bajeti yetu zimesagika upande wa nyuma, unamwona mungu mke fulani amesimama lakini hujui ni yupi. Ukipata yenye kichwa kizuri na nyuma hoi kwa euro 60, chukua.

Kama hela ni 30 au 40 tu usilie, angalia shaba za Viminacium, mji uliokuwa kule Serbia ya leo. Sio sestertio zenyewe, ni za mkoa, lakini ni kubwa vya kutosha, zina sura ya Gordian au Philip mbele na nyuma mwanamke kasimama katikati ya fahali na simba, na zina mwaka kabisa, AN I, AN II, yaani mwaka wa kwanza, wa pili, hivo. Kwa hela hiyo sijaona kinachozishinda.

Wa mwisho ni Nero, Caligula, Vespasian, Titus. Achana nao kwanza. Ukimtaka Nero sana tafuta asi yake au dupondio, hizo ni sarafu za thamani ya chini kuliko sestertio, ni ndogo lakini sura ni ile ile. Na Otho hata usihangaike, hakuna sestertio ya Otho iliyotengenezwa Roma, ukiiona mtandaoni ni feki au ni zile za Giovanni da Cavino, fundi wa Padova wa karne ya 16 aliyekuwa anatengeneza za kwake kwa mtindo wa Kirumi, nzuri kweli lakini sio za Kaisari.

Kabla hujalipa. Omba picha ya ukingo, feki za kumiminwa kwenye kalibu mara nyingi zina mstari unaozunguka ukingo na vitundu vidogo kama vya mkate, tena uzito unagoma. Linganisha na OCRE, orodha ya mtandaoni ya sarafu za Kirumi, ni bure, unaandika maneno yaliyoko kwenye sarafu inakuletea aina yake. Angalia eneo la wazi kuzunguka kichwa, likiwa limelala sana kama limepigwa msasa, mtu amelikwangua. Kijani cha kung'aa kama rangi ya geti, chovya pamba kwenye asetoni safi usugue pembeni kidogo, ikitoka basi ni rangi kweli. Na unga wa kijani mpauko unaodondoka ukiugusa ndo ugonjwa wa shaba wenyewe, chumvi ya ardhini inakula sarafu kutokea ndani, huo usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Mnadani hesabu ada. Ukishinda kwa euro 80, ada yao mara nyingi ni asilimia 20 au zaidi, hapo ni 96, ongeza posta 15 umefika 111 na ushuru bado. Mi naanza na jumla ninayotaka kulipa halafu narudi nyuma. Na ukienda Uturuki kutembea, yule kijana wa pale magofuni anaekunong'oneza ana sarafu mfukoni, mpite. Mara nyingi ni feki, na ikiwa ya kweli kuitoa nchini ni kosa la jinai, utalala ndani kwa kitu cha euro 20.

Ikifika nyumbani usiisafishe, nakuomba. Najua bibi alikuwa anasugua sinia zake za shaba kwa limau au ukwaju na majivu mpaka zinawaka, kwa sarafu ya zamani ni kuichuna ngozi, thamani inaisha hapo hapo. Kwa wa Dar, Tanga na Mombasa adui ni ule unyevu, weka kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye boksi za viatu, na usitumie vifuko vya plastiki laini vya PVC vinavyonata.

Kitu kimoja cha pembeni, ile fulusi tunayosema kwa Kiswahili imepitia kwa Waarabu lakini asili yake ni follis, jina la Kilatini la sarafu ya shaba, na dinari nayo ni denarius. Nilipomwambia shemeji yangu akacheka akasema basi ndo maana fulusi zangu zote zinaishia Roma. Saa hivi nafukuzia sestertio ya kiboko ya Otacilia Severa, mke wa Philip, mara mbili nimeshapandiwa dau dakika ya mwisho, na mnada mwingine uko Alhamisi.