Kozi ya mtandaoni ya maandalizi ya uuguzi: biolojia imetendewa haki, hisabati imepuuzwa

Kozi ninayoihakiki hapa huuzwa mtandaoni kwa wanafunzi wa sekondari na kwa watu wazima wanaotaka kurudi masomoni, na ahadi yake ni kumwandaa mwombaji ili adahiliwe katika chuo cha uuguzi na aumudu mwaka wa kwanza bila kuyumba. Nimeipitia yote, yaani video, vitini na majaribio, kwa jicho la mtu anayewafundisha wanafunzi wa mwaka huo wa kwanza. Jina lake naliacha kwa makusudi, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza zimo katika kozi nyingi za aina hii, na msomaji atafaidika zaidi akijua mambo ya kukagua kabla hajalipa.

Sehemu ya kwanza inahusu sifa za kujiunga, nayo imeandikwa kwa haraka mno. Mwanafunzi anaambiwa kwamba biolojia ni ya lazima, kwamba kemia "inasaidia", na kwamba masomo mengine yanategemea chuo. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni mafupi kiasi cha kupotosha. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya kimataifa vya elimu ya awali ya wauguzi na wakunga, na humo vyuo vinatakiwa kuwapokea wanafunzi waliomaliza elimu ya sekondari, wenye msingi wa sayansi na hisabati, na wanaoimudu lugha ya kufundishia. Kwa hiyo hisabati na lugha zimetajwa pamoja na sayansi. Kozi ingeanzia hapo, mwanafunzi angejua mapema kwamba ufaulu mzuri wa biolojia peke yake haumtoshi.

Sehemu hiyo hiyo inachanganya mambo matatu ambayo mwombaji anapaswa kuyatenganisha: sifa za kuingia chuoni, sifa za kuhitimu, na leseni ya kufanya kazi. Cheti, stashahada na shahada zina masharti tofauti ya kujiunga, na mara nyingi mwenye alama za chini kidogo anaweza kuanzia ngazi ya chini kisha akapanda. Hata hivyo, kuhitimu hakumfanyi mtu kuwa muuguzi mpaka baraza la taaluma limsajili. Nchini Marekani, kwa mfano, aliyesoma programu ya takribani miaka miwili na aliyesoma shahada ya miaka minne hufanya mtihani mmoja wa leseni, NCLEX-RN. Katika Umoja wa Ulaya, mafunzo ya muuguzi wa huduma za jumla hayapungui saa 4,600, na angalau nusu ya muda huo ni mafunzo kwa vitendo yanayofanyika mbele ya wagonjwa. Mwanafunzi aliyeambiwa haya hatababaishwa na tangazo lolote linalodai kwamba uuguzi wote unaweza kusomwa nyumbani kwenye simu.

Baada ya mwanzo huo dhaifu, sehemu ya biolojia ilinishangaza kwa ubora wake. Aliyeiandaa amekataa kuwakaririsha wanafunzi majina ya mifupa na badala yake ameanza na seli, akapita kwenye tishu, viungo na mifumo, kila mara akionyesha mahali ambapo somo hilo litakutana na mgonjwa. Somo la osmosisi, yaani jinsi maji yanavyopenya utando wa seli, ndilo lililonivutia kuliko yote. Wanafunzi wengi hufika chuoni wakiwa na fasili ya osmosisi vichwani, lakini hawawezi kueleza kwa nini maji matupu hayapaswi kuingizwa moja kwa moja kwenye mshipa. Kozi inaeleza, kwa michoro iliyo wazi, jinsi maji yanavyoingia ndani ya chembe nyekundu za damu mpaka zikavimba na kupasuka, na kwa nini maji ya chumvi ya asilimia 0.9 hayaleti madhara hayo. Sura za vimelea na kinga ya mwili nazo ni nzuri, ingawa jenetiki imepewa nafasi kubwa kuliko mahitaji ya mwaka wa kwanza.

Kemia na fizikia zimewekwa pamoja, na mpangilio huo unakubalika. Uchachu wa damu, ambao kwa mtu mwenye afya huwa kati ya pH 7.35 na 7.45, umeelezwa vizuri, na uhusiano wake na upumuaji umeguswa. Fizikia imeishia kwenye shinikizo la maji na la gesi. Mtu atakayepima shinikizo la damu na kufungua mtungi wa oksijeni hahitaji mengi zaidi kwa kuanzia.

Hisabati ndipo kozi inapoanguka, na kwa maoni yangu kasoro hii ni nzito kuliko nyingine zote. Imepewa somo moja mwishoni, lenye asilimia, uwiano na maswali ya kuchagua jibu, kana kwamba ni kiambatisho. Wodini, hesabu hufanywa kila zamu, na majibu manne ya kuchagua hayapo. Mtoto wa kilo 12 aliyeandikiwa parasetamoli kwa kiwango cha miligramu 15 kwa kila kilo anahitaji miligramu 180. Ikiwa dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5, atapewa mililita 7.5, na nukta ikihama nafasi moja tu atapewa mara kumi ya kipimo au sehemu ya kumi yake. Mgonjwa mwingine ameandikiwa mililita 1,000 ziingie kwa saa 8 kupitia mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa kila mililita: matone 20,000 yakigawanywa kwa dakika 480, muuguzi atarekebisha dripu idondoke takribani matone 42 kwa dakika. Adrenalini iliyoandikwa 1:1,000 ina miligramu 1 katika kila mililita, na ile ya 1:10,000 ina nguvu ndogo mara kumi. Hakuna hata moja kati ya hesabu hizi inayozidi kiwango cha sekondari ya chini, lakini zote zinadai usahihi kamili. Viwango vya mwaka 2018 vya Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza vinamtaka mwanafunzi afaulu jaribio la hesabu za dawa kwa asilimia 100, kiwango ambacho shuleni hakidaiwi katika somo lolote. Mwandaaji wa kozi alipaswa kuondoa nusu ya sura ya jenetiki na kuweka mazoezi ya kugeuza gramu kuwa miligramu na mikrogramu, yafanywe kwa kalamu, bila kikokotoo, na yarudiwe mpaka yazoeleke.

Lugha imepewa nafasi ya wastani. Mazoezi ya kusoma maagizo na kufupisha taarifa ya mgonjwa yanafaa, na nimependa kwamba mwanafunzi anatakiwa kuandika ripoti ya kukabidhi zamu kwa sentensi chache zisizo na utata. Wanaotarajia kufanya kazi katika nchi zinazotumia Kiingereza wameelekezwa kwa usahihi kwenye mitihani ya lugha ya Kiingereza ya IELTS na OET, ambayo ya pili imetungwa mahususi kwa watumishi wa afya.

Sura ya usaili ina majibu ya kukariri ambayo wasaili wamekwisha kuyachoka, na ningemshauri mnunuzi airuke. Mambo ya chanjo ya homa ya ini aina ya B, uchunguzi wa afya na hati ya polisi ya kuthibitisha kwamba mwombaji hana rekodi ya uhalifu, ambayo vyuo vingi huyadai kabla ya mwanafunzi kuingia wodini, hayakutajwa popote.

Mwishoni mwanafunzi hupewa cheti chenye muhuri na saini. Cheti hicho hakichukui nafasi ya matokeo ya mtihani wa taifa wa sekondari, na tovuti ya kozi inalisema hilo kwa maandishi madogo chini kabisa ya ukurasa. Mwenye upungufu wa alama katika kemia au hisabati atalazimika kurudia mtihani wenyewe, au kusoma kozi ya msingi ambayo chuo anachokiomba kimeitambua kwa maandishi. Swali hilo alipeleke katika ofisi ya udahili kabla ya kujisajili, na jibu alitunze.