Kuvuka Pasifiki ya Kaskazini kwa Nauli ya Chini: Safari Ipi ya Meli Inafaa Kununuliwa

Msimu wa utalii wa Alaska huanza kati ya Aprili na Mei na kumalizika kati ya Septemba na Oktoba, na kabla na baada yake kampuni za meli za kitalii huhamisha baadhi ya meli zao kati ya Asia na pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Kwa kuwa kuipeleka meli tupu ni hasara, nafasi za safari hiyo huuzwa kwa bei nafuu kwa abiria walio tayari kushukia ng'ambo ya bahari na kujitafutia njia ya kurudi. Unafuu huo ni wa kweli, ila usipimwe kwa nauli peke yake. Tuseme safari ya siku 15 inatangazwa kwa dola 1,200 kwa kila mtu, yaani dola 80 kwa siku, malazi na chakula vikiwemo. Juu yake kuna bakshishi ya wahudumu, ambayo katika kampuni kubwa za Marekani huwa kati ya dola 16 na 20 kwa siku, kuna ushuru wa bandari, na kuna tiketi ya ndege ya upande mmoja, ambayo mara nyingine huizidi bei ile ya kwenda na kurudi. Anayesafiri peke yake mara nyingi hutozwa nauli ya watu wawili, na kwake punguzo lote linaweza kuyeyuka hapo.

Ninayoiweka nafasi ya kwanza ni safari ya Septemba kutoka Vancouver, Kanada, kwenda Yokohama, Japani, na sababu kubwa ni usingizi. Wakati huo wa mwaka saa za Yokohama huwa mbele ya zile za Vancouver kwa saa 16. Meli inayoelekea magharibi hurudisha saa nyuma mara nane na kuruka tarehe moja inapovuka Mstari wa Tarehe wa Kimataifa, kwa hiyo abiria hupata siku nane zenye saa 25 kila moja. Anayeelekea mashariki hukatwa saa moja mara nane, na ingawa tarehe moja hujirudia kwake, usingizi uliopotea haurudi. Katika safari yenye siku saba au nane mfululizo bila kuona nchi kavu, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana katika ratiba.

Hata hivyo, safari za Septemba hazilingani. Inayopita bandari za Alaska, yaani Ketchikan au Juneau, kisha Kodiak au Dutch Harbor, na kuingia Japani kwa Hakodate, ina thamani kuliko inayokata bahari moja kwa moja, hata ikizidi kwa dola mia mbili. Dutch Harbor, iliyoshambuliwa na ndege za Japani mwezi Juni 1942, ni mahali ambapo watalii wachache hufika kwa njia nyingine, na Hakodate ni miongoni mwa bandari za kwanza za Japani kufunguliwa kwa biashara ya kigeni, mwaka 1859. Soko lake la asubuhi, lenye ngisi na kaa hai, liko karibu na stesheni ya reli. Upepo mkali unaweza kumfanya nahodha aipite Dutch Harbor bila kutia nanga, kwa hiyo mtu asinunue safari kwa ajili ya bandari hiyo moja. Nauli ya Oktoba ikiwa chini zaidi, iachwe: dhoruba karibu na visiwa vya Aleuti, vilivyo magharibi mwa Alaska, huzidi kadiri majira ya baridi yanavyokaribia, na meli inayokwenda magharibi huyapokea mawimbi usoni.

Ya pili ni safari ya Aprili au Mei kutoka Japani kwenda Vancouver au Seattle. Upepo huwa mara nyingi nyuma ya meli, na maua ya mcheri huko Hakodate huchanua mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, lakini saa zinazokatwa huishusha. Ya tatu ni ile ya Vancouver hadi Sydney kupitia Hawaii, ambayo ni ya joto na ndefu zaidi, na si ya kaskazini ila mwanzo wake. Ya nne, ya siku tatu au nne kutoka Vancouver hadi Los Angeles, inamfaa anayetaka kujua kama tumbo lake linaivumilia bahari kabla hajalipia siku 15. Nyingi za safari hizi fupi huanzia Kanada kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hukataza meli zenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari mbili za Marekani. Ndiyo maana aliyepanda Seattle hawezi kuamua tu kuishia Kodiak.

Kuhusu chumba, kinachofaa ni chenye dirisha, sitaha ya chini, katikati ya omo (mbele) na tezi (nyuma), ambako mtikisiko ni mdogo. Roshani ni fedha iliyotupwa: mkondo wa joto wa Kuroshio na ule wa baridi wa Oyashio hukutana mashariki ya Japani na kuzaa ukungu mzito. Bima igharimie kusafirishwa kwa mgonjwa, kwani katikati ya Pasifiki helikopta haifiki.

Mwenye pasipoti ya Kanada anaweza kungoja nauli ishuke baada ya siku ya malipo ya mwisho, ambayo huwa yapata siku 90 kabla ya safari, vyumba vinapobaki. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania hana nafasi hiyo, kwa sababu anahitaji viza ya Kanada, ya Marekani na ya Japani, na ile ya Japani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja ikiwa meli itapita Busan, Korea Kusini, kisha irudi Japani. Akizuiwa gatini kwa kukosa viza, harudishiwi nauli. Yeye aweke nafasi mapema kwa arubuni inayorejeshwa, kisha nauli ikishuka kabla ya siku ya malipo ya mwisho, aombe apewe bei mpya.