TAHADHARI: Bunduki ya mitutu miwili "inayobana kwa upya", kuanzia Mafinga mpaka Mbalizi

Kamwene wadau wa Nyanda za Juu Kusini. Ndugu zangu wa Mbeya, mwagonile.

Kuna muuzaji anazunguka ukanda wa barabara kuu, Mafinga, Makambako, Igawa, mpaka Mbalizi, ananadi bunduki kuukuu ya Kiingereza, mitutu miwili, geji 12, pamoja na jozi ya pili ya mitutu ya kubadilisha. Jina silitaji kwa kuwa suala liko polisi, lakini maneno yake hayabadiliki. Bunduki ilikuwa ya mzungu wa mashamba ya chai Mufindi. Ukiishika ukaona ni ngumu kufunguka, atacheka: "Mzee, hiyo inabana kwa sababu haijapigwa, bado mpya kabisa." Halafu tuma kishika uchumba leo kwa simu, karatasi zitafuata.

Hilo la mwisho peke yake lingetosha kumkimbia. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha haihami mkono kama debe la viazi. Karatasi ndizo zinazotangulia. Ila jirani yangu, mkulima wa mahindi ambaye nguruwe pori wamemtia umaskini, alishatuma pesa ndipo akaniita nikaikague, maana enzi zangu za kazi ya wanyamapori bunduki za namna hii zimepita sana mikononi mwangu. Muuzaji alikuja nayo mwenyewe, akakaribishwa chai.

Sasa nieleze ugumu ule, kwa sababu ndio mtego wenyewe.

Si kila bunduki ngumu ni mbovu. Hizi zisizo na nyundo za nje, mfumo ambao mafundi wa Kiingereza Anson na Deeley waliuwekea hataza mwaka 1875, zinajikoki pale unapokunja mitutu. Nguvu ya mkono wako ndiyo inayobana springi za ndani, kwa hiyo baada ya kupiga lazima uhisi uzito. Ifunge bila kugusa triga, kisha ifungue tena. Safari hii springi zimeshakokiwa, mitutu inapaswa kushuka kwa wepesi. Ikishuka, ugumu wa mwanzo ulikuwa halali. Pia grisi ya zamani hugeuka gundi, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai hata bunduki nzima hugoma asubuhi. Hiyo dawa yake ni kusafisha na tone la mafuta mepesi kwenye pini ya bawaba. Na kama ugumu unakuja baada ya kufyatua risasi tu, tazama fataki ya ganda, kile kiduara cha katikati ya kitako chake: ukiona mchirizi unaotoka kwenye kishimo, basi pini ya kupigia hairudi nyuma, inakwaruza wakati unafungua.

Hii ya jamaa haikuwa hata moja ya hizo. Nilihakikisha kwanza vyumba vya risasi viko tupu, nikaikunja, nikaifunga, nikaikunja tena. Ugumu uleule, na mkwaruzo unausikia kwenye kiganja, chuma kinakula chuma. Nikaomba nitoe ubao wa mbele, ule unaokaa chini ya mitutu. Hapo chai ikamkwama. "Usiifungue mzee wangu, utaiharibu." Ubao wa mbele kwenye bunduki hizi hutoka bila hata bisibisi! Mwenye bunduki nzima haogopi ukitoka.

Ubao ule una springi inayosukuma mitutu nyuma, na ndiyo maana bunduki iliyolegea huonekana imeshika. Ukiutoa, shika mitutu vizuri isidondoke, funga, tikisa karibu na sikio. Nzima haisemi kitu. Ile ya jamaa ilikaa kimya, na ikiwa imefungwa haikupitisha mwanga kati ya mitutu na uso wa bodi, kile chuma ambacho mitutu hufungia nyuma. Mtu wa haraka angelipa hapo hapo.

Nikainyofoa mitutu, nikamulika kwa tochi ya simu. Chini yake kuna donge la chuma lenye mkato wa nusu duara unaokalia pini ya bawaba. Ndani ya ule mkato kulikuwa na ukanda wa shaba nyeupe uliobandikwa kwa madini ya risasi ya kuchomelea, ukingo mmoja umeshaanza kuchanika, na pini ina michubuko inayong'aa. Yaani bunduki ililegea kwa uzee, badala ya pini kubadilishwa au donge kujazwa na kuchongwa upya na fundi, mtu amepachika kiraka kusukuma mitutu nyuma. Kiraka ndicho kinachobana. Kikisagika, bunduki inarudi kulegea, na pini imeshaharibika juu yake.

Mitutu ya pili ni balaa zaidi. Jozi halali hutengenezwa au hufungwa na fundi kwa bodi hiyo hiyo moja. Namba ya bunduki iko kwenye bodi, kwenye mitutu na kwenye chuma cha ubao wa mbele, na mara nyingi jozi huandikwa 1 na 2. Hizi namba zilikuwa mbili tofauti kabisa, na moja imepigwa tupa nusu, wino mweusi wa dukani juu yake bado unatoka kwenye kidole. Nilipoipachika, leva ya juu, ile ya kufungulia, ilibaki imekwenda kulia sana, haikurudi katikati. Maana yake komeo la chini halijaingia lote kwenye mikato yake. Bunduki ya namna hiyo inaweza kufunguka usoni kwako wakati wa kupiga. Fundi anayejua kazi hufukiza chuma kwa moshi wa kibatari, akafunga na kufungua, akaona masizi yametoka wapi, akachonga kidogo kidogo. Hapa hakuna mkono wa fundi uliopita.

Na bado. Alama za ukaguzi wa Birmingham zilisomeka upande mmoja, pamoja na chumba cha inchi 2½, yaani takriban milimita 64. Risasi nyingi za siku hizi ni za milimita 70. Itaingia vizuri tu, kwa sababu mdomo wake umekunjwa, ila ukipiga mdomo unafunguka mahali ambapo chumba kimeshakwisha, na presha inapanda kwenye mtutu wa bibi kizee.

Nilipomwonyesha kile kiraka, jamaa alisema fundi wake wa Njombe ndiye anayejua, akaikunja kwenye blanketi, akaondoka. Kishika uchumba hakijarudi na simu haipokelewi. Tumetoa taarifa kituoni na namba zote mbili nilizozisoma.

Kwa aliyekwisha kutuma pesa: tunza ujumbe wa muamala, usifute mazungumzo, nenda polisi wilayani kwako. Kwa ambaye bunduki anayo tayari mkononi, usiipige hata mara moja, na tafadhali usiikunje kwa goti wala kuigonga na nyundo ya mpira ili ifunguke. Usimpelekee fundi baiskeli. Piga simu kituoni kwanza, uliza namna ya kuifikisha pale bila risasi, na useme wazi umeipataje. Habari za juzi ni kwamba ameonekana Mbalizi siku ya mnada, safari hii hadithi ni ya padri wa misheni, lakini mitutu bado ni jozi mbili.