Fiat 500 iliyotumika kwa barabara za Mwanza: injini ya cc 1242 haina neno, hesabu iko kwenye giaboksi

Katikati ya Vitz, Passo na IST zinazojaza Barabara ya Kenyatta, Fiat 500 huonekana mara moja. Bei zake kwenye minada ya Japani nazo zimewashawishi watu waliokuwa wanatafuta Toyota ndogo. Wengi huuliza kama gari la Kitaliano linadumu, na kwa swali hilo hakuna jibu moja. Fiat 500 mbili zinaweza kufanana rangi na mwaka, moja ikala oili na tairi tu, nyingine ikamaliza akiba ya mwenye nayo ndani ya miezi michache. Kinachozitenganisha ni injini iliyofungwa na hali ya giaboksi siku unayolipa.

Gari hili lilizinduliwa Julai 2007. Zinazotoka Japani ziliundwa Tychy, Poland, na namba ya chesisi huanza na ZFA312. Utakutana na injini mbili zaidi: ya cc 1242, silinda 4, farasi 69, na TwinAir ya cc 875, silinda 2 zenye turbo, farasi 85. Karibu zote zina giaboksi ya Dualogic. Dalali atakwambia ni otomatiki. Sivyo, na tutaieleza mbele.

Ya cc 1242 ndiyo ya kununua. Ni injini ya familia ya FIRE, ambayo Fiat imeitumia tangu 1985: valvu 8, haina turbo, na fundi yeyote makini anayefungua injini ndogo za Toyota ataielewa. Oili yake ni 5W-40 sinthetiki, chini ya lita 3 pamoja na filta. Kitabu cha Fiat kinaruhusu kilomita nyingi kati ya sevisi na sevisi. Kwa vumbi, joto na safari fupi za hapa mjini, mwaga oili kila kilomita 7,000 hadi 8,000.

Ina mkanda wa taimingi, siyo cheni. Kama muuzaji hana karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kuwa haujabadilishwa. Umri huuharibu mkanda hata gari likiwa limekaa, kwa hiyo usidanganywe na odometa inayosoma kilomita 50,000 kwenye gari la 2010. Weka kikomo cha miaka 5. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo nunua seti nzima: mkanda, beringi ya kukazia na pampu. Ukibadilisha mkanda peke yake, pampu ikaanza kuvuja mwakani, utalipa ufundi mara mbili. Baadhi ya matoleo ya injini hii valvu hugonga pistoni mkanda ukikatika. Yachukulie yote kuwa yanagonga. Fundi awe na vifaa vya kufungia shafti wakati wa kazi, asiweke alama kwa chaki. Baada ya hapo kompyuta ya injini huhitaji kufundishwa upya nafasi ya krenki, la sivyo taa ya injini inaweza kuwaka ingawa mkanda umefungwa sawasawa.

Udhaifu wake mwingine ni gasketi ya silinda hedi. Fungua kifuniko cha maji injini ikiwa baridi. Maji yawe na kulanti safi. Ukikuta ya kahawia, gari limekuwa likijazwa maji ya bomba na kutu imeshaanza. Kagua kifuniko cha oili kwa ute wa rangi ya maziwa. Kisha washa, liache lipate moto, na ubonyeze paipu ya juu ya rejeta: ikiwa ngumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha baridi, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Achana nalo.

TwinAir inavutia kwenye ushuru. Kwa viwango vya TRA, gari la chini ya cc 1000 halitozwi ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, wakati la cc 1000 hadi 2000 hutozwa asilimia 5. Lakini ule wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 10, asilimia 30, unazikuta zote mbili, na ndio unaoumiza. Ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma pesa Japani.

Hicho kidogo unachookoa bandarini TwinAir inaweza kukimeza kwa siku moja. Valvu zake za kuingiza hewa hazisukumwi na kamshafti moja kwa moja. Zinasukumwa na oili ya injini kupitia kifaa cha MultiAir chenye koili za umeme na kichujio kidogo sana. Inataka oili nyepesi, 0W-30 yenye viwango vya Fiat. Oili ikiwa chafu, pungufu au bandia, kichujio huziba, silinda moja hukosa hewa, gari linatetemeka na kukosa nguvu. Kwenye injini ya silinda 2, kupoteza moja ni kupoteza nusu ya gari. Mara nyingi dawa yake ni kubadilisha kifaa chote, na hicho hukipati Mwanza. Kama huna uhakika wa kupata oili halisi ya aina hiyo kila sevisi, iache.

Sasa Dualogic. Ni giaboksi ya kawaida ya manyuo yenye klachi moja kavu, ila pedali imeondolewa na kazi ya mguu inafanywa na pampu ya umeme, tangi dogo la shinikizo na valvu za haidroliki. Haina kiunganishi cha oili (torque converter) kinachoiwezesha IST kusimama mlimani bila kuumia. Dereva wa Mwanza anayepanda Bugando au Isamilo na kulizuia gari lisirudi nyuma kwa kugusa mafuta badala ya breki anaisaga klachi papo hapo. Shikilia kwa breki, na kwenye foleni ndefu ya Barabara ya Nyerere weka N.

Ukaguzi wake unahitaji masikio. Gari likiwa limelala usiku kucha, fungua mlango wa dereva usiwashe. Utasikia pampu ikilia sekunde chache kisha inyamaze. Ikiendelea kulia, au ikijirudia kila baada ya muda mfupi, shinikizo linavuja. Washa swichi, kanyaga breki, peleka gia N, 1, N, R, pole pole, mara kumi. Kwenye mfumo usio na hitilafu pampu huingia baada ya gia kadhaa. Ikilia kila unapobadilisha, tangi la shinikizo limechoka. Hili likikutwa mapema ni spea moja. Likipuuzwa, pampu nayo hufanya kazi bila kupumzika hadi iungue, na gari hukuangusha kwenye N katikati ya barabara. Mulika tochi chini ya betri pia utafute majimaji. Oili ya mfumo huu ni Tutela CS Speed. Ukiambiwa iliongezwa ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) au oili ya breki, ondoka.

Klachi yenyewe ina sahani, presha pleti na beringi kama gari lolote la manyuo, na fundi wa kawaida anaweza kuishusha giaboksi. Kinachokwamisha ni hatua ya mwisho: kompyuta lazima ifundishwe mahali klachi mpya inaposhika. Mashine nyingi za kupimia hapa husoma taa ya injini tu kwenye Fiat. Kabla ya kununua gari, tafuta fundi mwenye programu ya kupimia Fiat, MultiECUScan au AlfaOBD, na nyaya zake; ukimkosa Mwanza, jua kwamba kila kazi ya klachi itaisha kwa safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100. Tunaiona hii kuwa sababu tosha ya kuahirisha ununuzi.

Hitilafu inayowatoa watu pesa bure ni ya umeme. Taa nyekundu ya usukani inawaka, usukani unakuwa mzito, na mwenye gari anaambiwa anunue mota ya usukani. Anza na waya wa ethi unaotoka betri kwenda giaboksi, ambao huliwa na kutu ndani ya plastiki yake. Weka mita ya volti, mguu mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye bodi ya giaboksi, kisha piga stata: ikisoma zaidi ya volti 0.3, badilisha waya. Injini ikinguruma, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Waya huo fundi umeme yeyote anaweza kuutengeneza.

Chini, tegemea kubadilisha linki za stabilaiza, bushi za mikono ya mbele na raba za juu ya shokapu, hasa kwa anayeishi kwenye njia za mawe za mlimani. Chagua lenye rimu za inchi 14 au 15. Tairi za 195/45 R16 ni nyembamba mno kwa mashimo yetu. Angalia na buti: mengi yana chupa ya gundi na pampu badala ya tairi la akiba, jambo ambalo halifai kwa anayekwenda Sirari au Sengerema.

Kwa mafuta, tarajia kilomita 13 hadi 15 kwa lita mjini na milimani. Kwa kilomita 1,000 kwa mwezi ni takriban lita 70, karibu sawa na IST. Usilinunue kwa kubana mafuta.

Spea nyingi utaagiza, na maduka ya hapa yamejaa Toyota. Tuma namba ya chesisi, siyo picha. Uliza pia spea za Fiat Panda ya 2003 hadi 2012 na Ford Ka iliyotoka 2008, kwa sababu zinatumia injini hiyohiyo ya 1.2 na vitu vingi vya chini. Alfa Romeo 147 ya 2.0 inayouzwa kwa bei ya chini kuliko hizi isikuvute: ina plagi 8, mkanda unaotaka kubadilishwa kila kilomita 60,000, na giaboksi ya Selespeed ambayo ni binamu mkubwa wa Dualogic.

Unapopatana bei, toa kwanza thamani ya seti ya mkanda, tangi la shinikizo la Dualogic na tairi la akiba. Muuzaji akigoma, mkumbushe kuwa wanunuzi wa Fiat hapa ni wachache. Nawe kumbuka hilohilo litakukuta siku ya kuliuza.