Kozi ya ujasiriamali ya Jumamosi mjini Lubumbashi: wageni waliotufaa na waliotupotezea muda

Kwa muda wa miezi minne, kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, nilihudhuria kozi ya ujasiriamali katika chuo kikuu kimoja cha binafsi hapa Lubumbashi, kozi inayowapokea wanafunzi wa mwaka wa mwisho pamoja na watu wa nje wanaojilipia wenyewe, kama mimi. Nililipa dola 150 kwa awamu tatu. Kilichonivuta ni tangazo lililoahidi kwamba kila juma la pili darasa lingepokea mgeni kutoka katika biashara za mji huu. Ahadi hiyo ilitimizwa, lakini manufaa ya wageni yalipanda na kushuka kwa sababu ambayo tangazo halikuitaja, nayo ni kazi aliyoifanya mwalimu kabla ya mgeni kuingia mlangoni.

Niseme kwanza nilikuwa nani nilipoketi kwenye benchi lile. Nina karakana ndogo ya kushona katika komuni ya Katuba, yenye cherehani tatu na mafundi wawili, na sehemu kubwa ya mapato yetu hutokana na sare za shule, ile nyeupe na buluu ambayo wazazi huigombania kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa tisa. Baba yangu alikuwa miongoni mwa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka kwa hiari katika Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, mwaka 2003 na 2004. Alipokea malipo yake kwa mkupuo, akanunua basi dogo la abiria, na kila jioni akahesabu fedha zote za siku kuwa faida, mpaka basi lilipolala uani kwa kukosa matairi. Katika mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ambamo kwa vizazi kadhaa kazi ilimaanisha mshahara, mgao wa unga na nyumba ya kambi, hakuwa peke yake katika kosa hilo. Nilichokitaka mimi katika kozi hii ni mtu wa kunifundisha kuhesabu.

Mgeni wa kwanza hakunifundisha. Alikuwa mkandarasi anayeyahudumia makampuni ya migodi, na mwalimu alimkabidhi ubao kisha akaketi nyuma pamoja nasi. Kwa saa mbili tulisikia habari za utoto wake, za kwenda shule bila viatu, za ndoto aliyoota usiku fulani, na za magari aliyonayo sasa. Mwanafunzi mmoja alipomuuliza aliipataje oda yake ya kwanza, alicheka na kumjibu kwamba kijana anapaswa kuwa na imani. Ilikuwa hasara kubwa, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na somo. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inazitengea kazi za ukandarasi mdogo kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongomani, na watu wengi darasani walikuwa na hamu ya kujua namna fundi wa komuni za Ruashi au Kampemba hapa mjini anavyoweza kuitumia nafasi hiyo pasipo kuazima jina la mtu mwingine. Neno moja juu ya sheria hiyo halikutamkwa asubuhi ile.

Mgeni wa pili, ofisa wa mikopo, alikuwa afadhali kidogo tu: alileta vipeperushi, akavigawa, akatuita wateja wake wa kesho. Baada ya hapo wanafunzi wawili walikwenda kumwona mwalimu, naye, kwa sifa yake, alikiri mbele yetu sote kwamba kosa lilikuwa lake, kwani alikuwa amewaalika watu bila kuwaeleza darasa linataka nini kwao.

Kuanzia mgeni wa tatu utaratibu ulibadilika kabisa. Juma moja kabla, tulipewa ukurasa mmoja wenye tatizo halisi lililowahi kumpata mgeni huyo, pamoja na tarakimu zake, ila uamuzi aliouchukua ulifichwa. Tulilijadili katika makundi ya watu wanne, tukatoa uamuzi wetu mbele yake, na mgeni aliruhusiwa kusema baada tu ya kutusikiliza. Kuanza na utoto kulipigwa marufuku.

Mama aliyekuja siku hiyo anauza unga wa mahindi katika soko la Kenya, komuni mojawapo ya mji huu. Huununua kwa magunia upande wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita zipatazo 90 kutoka hapa, na wateja wake wengi huununua kwa meka, yaani chombo cha kupimia unga kidogo kidogo. Tatizo lake lilikuwa hili: magunia alikuwa ameyalipa kwa dola, wateja walimlipa kwa faranga, faranga ilikuwa imeshuka, na gari lenye mzigo mpya lilikuwa limekwama kwenye foleni ya mpaka. Apandishe bei, apunguze kipimo, au afungie unga ghalani? Kundi letu lilipandisha bei, likaonyesha kwa jedwali zuri kwamba faida ya kila gunia ingerudi palepale. Mama alitusikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akauliza: «Wanangu, hilo gari likikaa mpakani siku sita, nani anazilipa siku hizo?»

Hakuna aliyekuwa amezihesabu. Alitueleza kwamba posho ya dereva ni jambo dogo likilinganishwa na fedha zilizolala ndani ya gari, ambazo siku hizo sita zingeweza kwenda na kurudi mara moja zaidi. Yeye hapimi faida ya gunia peke yake, bali hutazama fedha zake zimezunguka mara ngapi katika mwezi, na faida ndogo inayorudi mara nne anaipenda kuliko faida nono inayorudi mara moja. Bei yake haitoki katika gunia alilouza leo, hutoka katika gunia analopaswa kulinunua kesho, na kwa hiyo kila jioni hubadilisha faranga zake kuwa dola, hata kama mbadilishaji amemkata kidogo. Kipimo hakukigusa kabisa, kwa sababu mteja wa meka ana macho, na ana jirani wa kumhadithia.

Somo hilo nilikwenda nalo nyumbani. Usiku uleule nilifungua daftari la karakana na kuona kwamba vitambaa nilivyovinunua mwezi wa saba nilikuwa nikivitoza kwa thamani ya mwezi wa saba hadi mwisho wa mwezi wa tisa, na kwamba katika bei ya shati mafundi wawili walikuwa na mshahara, uzi na mafuta ya jenereta vilikuwemo, lakini mimi mwenyewe sikuwemo. Tangu hapo mzazi hulipa nusu kabla kitambaa hakijakatwa, nami hununua kitambaa siku hiyohiyo.

Wageni waliofuata walifuata mtindo huo kwa viwango tofauti. Wakili mmoja alitueleza kwa dakika arobaini tu, na kwa uwazi mkubwa, kwamba tangu nchi yetu ilipoingia mwaka 2012 katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, mfanyabiashara mdogo anaweza kutoa tamko la shughuli yake bila kusajiliwa katika rejista ya biashara, mradi aandike mapato na matumizi yake siku kwa siku na asivuke kiwango kilichowekwa.

Lugha nayo ilikuwa na uzito wake. Masomo hutolewa kwa Kifaransa, na mwanafunzi anayejieleza kwa Kifaransa huuliza maswali ya kitabuni. Mama wa unga alipoomba tuzungumze Kiswahili, hata walionyamaza tangu juma la kwanza walinyoosha mikono. Sioni kwa nini jambo hilo liachwe kwa matakwa ya mgeni.

Kuna mengine yasiyoridhisha. Silabi, yaani kijitabu cha maelezo ya kozi, huuzwa dola 10 nje ya ada, na nusu yake ni jedwali lile la visanduku tisa la kupangia biashara, lililorudiwa kwa mifano ya Ulaya. Ukumbi una joto, na umeme ukikatika projekta huzimwa bila mbadala. Mtihani wa mwisho ulikuwa kuwasilisha mradi wa kubuni, ilhali sisi wenye biashara tungefaidika zaidi kwa kuonyesha daftari zetu za kweli.

Kwa mtu mwenye duka, karakana au meza sokoni, dola 150 zinalipa. Kwa kijana ambaye hajawahi kuuza chochote, ningemshauri asubiri mwaka mmoja, kwani walio katika hali hiyo walibaki wakinakili maneno ya wageni bila kuwa na la kuwauliza. Na yeyote atakayekwenda kujiandikisha kwa awamu ijayo, kabla ya kutoa fedha aombe kuonyeshwa kurasa zile za matatizo ya wageni. Kama bado hazijaandikwa, arudi na dola zake.