Dawa ya kuzuia magugu kabla hayajaota: misimu mitatu kwenye mahindi yangu, Mbozi

Nalima mahindi Mbozi, upande wa Mlowo, tangu nilipoolewa, na miaka yote hiyo Januari ilikuwa mwezi wa jembe. Ekari tatu, palizi mbili, mgongo mmoja. Vibarua wapo, lakini wiki hiyo kila mtu anawatafuta, bei inapanda, na ukichelewa siku kumi mahindi yameshaanza kuwa ya njano. Kilichonisukuma kujaribu dawa ni binti yangu. Msimu wa 2021/22, akiwa darasa la sita, alikosa siku nne za shule mwanzoni mwa muhula kwa sababu ya palizi yangu. Iliniuma, na sikutaka irudie.

Dawa ninayoizungumzia ni ile inayopulizwa ardhini ukishapanda, kabla hindi halijatokeza. Si ile ya kuunguza majani yaliyokwisha kuota. Chupa yangu ina viambato viwili, S-metolaklori na atrazini. Jina la kibiashara naliacha, maana kampuni kadhaa zinauza mchanganyiko huo kwa majina mbalimbali. Ukifika dukani soma viambato, usichague kwa picha ya hindi kubwa iliyochorwa kwenye chupa. Metolaklori inalikamata chipukizi, hasa la nyasi, likiwa bado linapanda kuja juu. Atrazini inanyonywa na mizizi na kulizuia jani lisijitengenezee chakula kwa mwanga wa jua, na hiyo ndiyo inayoshughulika zaidi na magugu ya majani mapana. Hindi lenyewe linaweza kuivunja atrazini ikishaingia ndani yake, ndiyo maana linapona.

Msimu wa kwanza, 2022/23, nilipoteza hela. Mvua ya kwanza ilinyesha, tukapanda kwa siku mbili, kisha jua likawaka. Nilipuliza siku ya tatu juu ya udongo mkavu. Shamba lilikuwa limelimwa kwa plau la ng'ombe, halikupigwa haro ya kulainisha udongo, na madongoa yalikuwa makubwa kama ngumi. Mvua ikarudi baada ya siku kumi na mbili. Magugu yakaota kama vile sikuweka kitu: kishona nguo, bangi mwitu, mchicha pori, nyasi za kila aina. Nikarudi duka la pembejeo nimefura, nikamwambia yule kijana kwamba amenipa maji yaliyotiwa rangi.

Hakunijibu kwa hasira. Aliniuliza, "Mama, siku unapuliza udongo ulikuwa na unyevu?"

Nikanyamaza. Akanieleza kitu ambacho mpaka leo nakiona ndicho kiini cha dawa hii: haitafuti mbegu ilipo. Inakaa pale ulipoiweka, juu kabisa, mpaka maji yaishushe sentimita chache, kwenye udongo ambamo mbegu ndogo zinaamka. Isiponyeshewa ndani ya wiki moja au siku kumi, mbegu zilizo chini yake zinaamka kwa unyevu wao na kupita. Na kila dongoa linafunika udongo ambao haukuguswa na dawa, kwa hiyo likivunjika, magugu yanatokea hapo hapo. Kosa lilikuwa langu, na msimu uliofuata nilikwenda kumwomba radhi.

Msimu wa 2023/24 nilifanya kila kitu upya. Nilikodi trekta lenye haro. Nikapima bomba langu la kupulizia la mgongoni kwa maji matupu kwanza, na hapo nikagundua kwamba natembea haraka mno: ekari nzima niliimaliza kwa mabomba matatu na nusu. Lebo yangu ilitaka lita 1.2 ya dawa kwa ekari katika lita 80 za maji, yaani mabomba matano ya lita 16, mililita 240 kila bomba. Ningeweka kipimo hicho kwa mwendo wangu wa zamani, robo ya dawa au zaidi ingebaki bombani. Nikajifunza kupunguza hatua. Nozeli iliyokuja na bomba, yaani kile kichwa kinachotoa dawa, ile ya duara, niliitoa nikaweka ya bapa, kwa sababu hapa hulengi jani, unataka ardhi ilowe sawasawa kama nguo iliyonyunyizwa maji kabla ya kupigwa pasi. Tulipanda Jumatatu na Jumanne, usiku ikanyesha, Jumatano asubuhi nikapuliza udongo ukiwa na baridi yake. Siku tatu baadaye mvua nzuri, ya wastani, ikaja.

Nataka nieleze nilichokiona siku ya ishirini na moja, kwa sababu kimenikaa. Mahindi yalikuwa na majani matano, mistari imenyooka, na katikati ya mistari ardhi nyekundu tupu. Nilichuchumaa nikafukua kwa kidole. Chini kidogo tu ya uso wa udongo nilikuta vichipukizi vya nyasi, vyeupe, vimejikunja, vimekwama humo humo bila kuliona jua. Vilikuwa vingi sana. Nilikaa pale nikivitazama kwa muda mrefu, nikiwaza ni siku ngapi za jembe zilizolala pale chini.

Kitu kingine. Ng'ombe wa jirani walikuwa wamekatiza kona ya shamba wiki ya pili, udongo ukiwa laini. Kufikia wiki ya tano, kwenye kila alama ya kwato kulikuwa na kishungi cha magugu, na pembeni yake pasafi. Kwato ziliuvunja ule utando wa dawa na kuleta juu udongo usio na kitu. Kwa hiyo ukishapuliza, usiingize jembe kupalilia hata kidogo kwa nia ya kuisaidia dawa. Acha ardhi ilale.

Shamba lilikaa safi karibu wiki sita, na wiki hizo za mwanzo ndizo hindi linapoteseka zaidi likibanwa. Yaliyofuata nilimalizia kwa palizi moja nyepesi. Palizi kamili kwetu msimu ule ilikuwa shilingi 50,000 kwa ekari, na zamani nilifanya mbili. Dawa lita moja nilinunua 24,000, hivyo ekari ilinigharimu 28,800, na palizi ile nyepesi 20,000. Jumla 48,800 badala ya laki moja. Lakini hesabu hiyo ni ya mwaka uliokwenda vizuri. Mwaka wa kwanza nililipa dawa na nikalipa palizi zote mbili.

Isiyoweza pia niseme. Ndago haikutikisika, ilitoboa kama sindano. Sangari nayo ilirudi kutoka kwenye mizizi yake ya chini. Hayo hayaoti kwa mbegu tu, yana akiba ardhini, na ukinunua dawa hii kwa ajili ya ndago utalia. Yang'oe, au yashughulikie kabla hujapanda. Vilevile upande wa bondeni, maji yanakotuama, miche michache ya mahindi ilitoka imefunga majani, jani limejiviringa halifunguki. Siku za baridi na udongo uliolowa mno hutokea hivyo. Kwangu ilikuwa miche ya kuhesabika, na mingi ilijikwamua.

Sasa maharage. Mbozi tunachanganya mahindi na maharage, ndivyo tulivyolelewa. Lebo ilisema wazi kwamba dawa ni ya mahindi, na niliisoma. Lakini nilijiambia kwamba wiki tatu zimepita na imenyesha sana, itakuwa imeondoka. Nikapanda maharage katikati ya mistari. Yaliota vizuri, nikafurahi. Kisha majani ya chini yakaanza unjano pembezoni, unjano ukaingia kati ya mishipa, ukingo ukakauka kahawia kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Ndani ya wiki mbili niliyapoteza karibu yote. Atrazini inaweza kubaki udongoni miezi kadhaa, haihesabu wiki kama mimi nilivyohesabu. Hindi linaivunja, haragwe haliwezi.

Na mboga. Hili silioni likisemwa dukani wala kwenye mabango, na mimi ndilo linaloniuma kuliko la maharage. Januari mama mkwe huwa anaingia shambani na ungo, anarudi na mnavu, mchicha pori, mgagani na majani ya maboga. Mwaka ule alizunguka mistari yote mitatu ya juu, akarudi na ungo mtupu.

"Mwanangu," akaniambia, "shamba umelisafisha. Mboga tutakula nini?"

Nilimwambia tutanunua, Mama. Tukanunua, na kila nilipotoa mia tano sokoni Mlowo kwa fungu la mnavu nilimkumbuka alivyosimama pale. Yale tunayoyaita magugu, mengine ni chakula cha miezi ambayo ghala limeshuka. Anayehesabu faida ya dawa bila kuhesabu ungo ule hajahesabu vizuri.

Ndiyo sababu msimu wa 2024/25 niligawa shamba. Ekari mbili mahindi peke yake, kwa mchanganyiko ule ule, na matokeo yalikuwa kama ya mwaka uliotangulia. Nusu ekari nilichanganya mahindi na maharage nikapuliza metolaklori peke yake, isiyo na atrazini, ambayo lebo yake inaruhusu mazao yote mawili. Nilipuliza baada ya kupanda yote siku moja, kabla chochote hakijatokeza. Maharage yalitoka salama. Nyasi zilizuiwa vizuri sana, ila bangi mwitu na kishona nguo vilipenya, nikavipitia kwa jembe mara moja. Nusu ekari iliyobaki, ile iliyo karibu na nyumba, haikuguswa na dawa. Ni ya mama mkwe, na maboga yapo huko.

Upande wa kijito nimeacha mkanda mpana wa majani ambao sipulizi kabisa. Atrazini inasafiri na maji. Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiidhinisha mwaka 2004 kwa sababu ilikuwa inaonekana kwenye maji ya chini ya ardhi, na sisi watoto wetu wanachota kijitoni. Navaa buti, glavu na barakoa, hata jua likiwa kali. Chupa tupu naisuuza mara tatu, maji ya suuzo narudisha bombani, kisha naitoboa ili mtu asije akawekea mafuta ya kula. Dukani nanunua iliyofungwa tu, yenye namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na kamwe siyo ya kupimiwa kwenye chupa ya soda.

Kwa mwenye mahindi peke yake, ardhi iliyolainishwa na mvua inayoeleweka, dawa hii naipa nyota nne na ningeinunua tena. Mwenye shamba la ndago, au anayepanda vumbini akisubiri mvua, asiiguse. Mwenye kuchanganya mazao achukue ile ya kiambato kimoja, asidanganyike na bei.

Mwaka huu nimeshanunua mapema: chupa mbili za lita moja na moja ya nusu lita kwa ekari mbili, na metolaklori kwa ile nusu. Ziko stoo, zimefungiwa kwenye ndoo yenye kifuniko. Binti yangu sasa yuko sekondari, shule inafunguliwa Januari, na palizi haina jina lake.