Uzoefu wangu na Arkology: nimeuziwa diski mbovu, nikaambiwa ndiyo dub

Huyu muuzaji wa mtandaoni asipate hata shilingi yenu. Arkology, mkusanyiko wa kazi alizorekodi Lee "Scratch" Perry, prodyuza wa Jamaika wa reggae na dub (reggae iliyochanganywa upya, sauti zikapunguzwa na mwangwi ukaongezwa), kwenye studio yake ya Black Ark, niliutafuta kwa udi na uvumba tangu mzee alipofariki mwaka 2021. Picha alizoniwekea zilikuwa safi, kijitabu kipo, bei imechangamka lakini nikalipa. Diski ya kwanza raha tupu. Ya pili ikafika kwenye wimbo "Police and Thieves".

Anayeijua diski hiyo ataelewa nilivyoumia. Walioukusanya waliupanga mdundo ule mmoja mfululizo: Junior Murvin na ile sauti yake nyembamba, kisha Glen DaCosta anapuliza saksafoni juu ya biti ile ile, Jah Lion anaghani, inafuata dub, halafu Murvin anarudi na maneno mengine kabisa. Hapo ndipo unamsikia prodyuza akiwa kazini. Besi haitikisiki, ila kila safari Perry kaondoa kitu, kaongeza mwangwi, gitaa kaliachia mara moja tu likapotea. Sasa yangu mimi, saksafoni ikishaanza kupanda, ta-ta-ta-ta, inang'ang'ania palepale, halafu inarukia kwa Jah Lion. Nimeifuta kwa kitambaa laini, nimeijaribu kwenye redio ya jirani, wapi!

Nikampigia simu. Kwa adabu kabisa: "Samahani bosi, diski ya pili inaruka." Akacheka. "Kaka, hiyo ni dub, inatakiwa isikike hivyo. Huo muziki wewe huujui." Akakata. Nikipiga tena, hapokei.

Mimi siujui? Mwangwi wa dub unakwenda na mdundo: unarudi, unafifia, na chini yake besi inaendelea na safari. Diski iliyokwaruzwa haina habari na mdundo. Hata ule mvumo unaosikika kwenye rekodi za Perry una sababu. Studio ilikuwa uani kwake, Washington Gardens, Kingston, na mashine ya utepe ya Teac ya njia nne tu, yaani nafasi nne za kurekodia sauti. Nafasi zikijaa, anaunganisha alivyokwisha kurekodi, anavihamishia pamoja ili apate pa kuongeza vingine, na kila akihamisha, kelele ya utepe inazidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya muziki wake kusikika kama unapigwa chini ya maji. Ule ni mkono wa Perry. Mikwaruzo ya mtu aliyerundika diski bila makasha si mkono wa Perry, na kumsingizia marehemu ili usirudishe hela ya mtu ni utovu wa adabu.

Nilikaa kuandika nikiwa na nia ya kutoa nyota moja na kusema msinunue. Nashindwa. Wakati naandika haya inaimba "Chase the Devil" ya Max Romeo, na nimeirudia. Ikitoka hapo naisubiri melodika (kinanda kidogo cha kupuliza) ya Augustus Pablo kwenye "Vibrate On", ile inayolia taratibu hadi unasahau una madeni. Kwa kazi yenyewe ni nyota tano, sina mjadala. Studio ile iliungua, na mwenyewe alisema ndiye aliyeichoma, kwa hiyo tulichobakiwa nacho ni hizi rekodi. Ndiyo maana hasira inanipanda upya: mtu anashika kitu cha namna hii, anakiona biashara ya mitumba tu.

Nunueni, ila si kwa picha. Mwambie muuzaji akupigie diski ya pili kwenye simu, kuanzia "Police and Thieves" hadi Murvin arudi mara ya pili, msikilize wote bila kukata, ndipo utume pesa. Akikuambia hana muda, achana naye.

Na wewe, ukisoma hapa, unajijua. Hela yangu baki nayo. Nitafutie diski ya pili iliyo nzima.